Wati Kwanza, Kadi Baadaye

Kadi ya grafiki ni kompyuta ndogo iliyo ndani ya kompyuta. Ina chipu yake, ina kumbukumbu yake, mara nyingi ina feni yake, na vyote hivyo hula umeme wa pawa saplai ileile inayolisha prosesa, diski na mazabodi. Kwa hiyo anayetaka kuiongezea kompyuta yake kadi ya bei nafuu ana bajeti mbili mkononi. Ya kwanza ni ya shilingi, na hiyo kila mtu anaijua kabla hajatoka nyumbani. Ya pili ni ya wati, na hiyo wengi huigundua wakiwa wameshalipa, kadi imeshafungwa, na kompyuta inazimika ghafla kila gemu linapoanza kunoga. Utaratibu ulio salama ni kuanza na ile ya pili. Wahenga walisema kila mtu hujikuna ajipatapo, na kompyuta nayo ina mahali mkono wake unapofika na mahali usipofika.

Jambo hili linaigusa Afrika Mashariki kwa karibu, kwa sababu desktopu nyingi zinazouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, ni za mtumba: zimekwisha kutumika maofisini ng'ambo, zikasafishwa, zikaletwa. Majina yake ni yaleyale: Dell OptiPlex, HP Compaq na EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Ni mashine ngumu, na prosesa zake za Core i5 na i7 bado zina nguvu ya kutosha kwa kazi nyingi za leo. Lakini ziliundwa kwa ajili ya barua, hesabu na intaneti, zikapewa pawa saplai ya kutosha kazi hiyo tu. OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 ilitoka na wati 275 kwa kasha kubwa na wati 240 kwa kasha dogo. OptiPlex 9020 iliyofuata ilipewa 290 na 255. OptiPlex 7050 ikashuka hadi 240 na 180, kwa kuwa prosesa za kizazi chake zilikuwa zinakula kidogo. EliteDesk 800 G1 ya HP ina wati 320 katika kasha kubwa na 240 katika kasha dogo. Anayedhani kompyuta mpya zaidi ndiyo itakayobeba kadi kubwa zaidi anaweza kukuta kinyume chake.

Wati hizo hazipatikani kwa kukisia, zimeandikwa. Kasha likilazwa ubavu na kifuniko kuvutwa, pawa saplai huonekana kwenye kona ya nyuma: sanduku la bati lenye feni, na ubavuni mwake kibandiko chenye jedwali dogo. Jedwali hilo lina safu za volti na ampea. Mstari wa kusomwa kwanza ni ule wa volti 12, kwa sababu prosesa na kadi ya grafiki hupata karibu umeme wao wote hapo. Ampea za mstari huo zikizidishwa kwa 12 hutoa wati halisi zilizopo: ampea 18, kwa mfano, ni wati 216. Kibandiko kikigawa volti 12 katika mistari miwili au mitatu, ampea zake zisijumlishwe ovyo, maana kwa kawaida chini yake huandikwa ukomo wa mistari yote kwa pamoja, nao ndio unaofuatwa. Idadi kubwa iliyoandikwa juu ya kibandiko ni jumla ya mistari yote, ikiwamo ya volti 5 na 3.3 ambayo kadi haiitegemei.

Hesabu inayofuata ni ya matumizi. Katika OptiPlex 9020 ya kasha kubwa yenye Core i5-4590, prosesa imepangiwa wati 84. Mazabodi, RAM na feni zikipewa wati 30 na diski ya kuzunguka wati 10, jumla ni kama wati 124. Kadi ya wati 75 ikiongezwa, mashine inafika wati 199 kati ya 290. Hapo kuna nafasi ya kupumua. Hesabu hiyohiyo ikihamishiwa kwenye OptiPlex 7050 ya kasha dogo, prosesa ya i5-7500 inachukua wati 65, vingine wati 30, diski ya SSD wati 5, jumla 100. Kadi ya wati 75 inaifikisha mashine kwenye 175 kati ya 180. Kwenye karatasi inatosha. Ndani ya kasha haitoshi, kwa kuwa pawa saplai iliyofanya kazi miaka minane haina tena nguvu ya siku ya kwanza, na joto la pwani halisaidii. Kanuni ya busara ni kutopanga matumizi yazidi asilimia 80 ya kilichoandikwa. Kwa mashine hiyo, kadi inayofaa ni ya wati 30 au 40.

Wati 75 zinazotajwa tena na tena si namba ya kubahatisha. Sloti ndefu ya PCI Express iliyo kwenye mazabodi imewekewa ukomo huo kwa kanuni: wati 66 kupitia volti 12, na karibu wati 10 kupitia volti 3.3. Kadi inayotaka zaidi ya hapo hulazimika kuchomekwa waya wa pembeni kutoka pawa saplai; plagi ya pini 6 huongeza wati 75, na ya pini 8 huongeza 150. Pawa saplai nyingi za kompyuta za ofisi hazina waya huo kabisa. Ndiyo maana sifa ya kwanza ya kutafutwa ni moja, nayo huonekana kwa macho: kadi isiwe na plagi ya umeme juu yake. Kadi isiyo na plagi haipaswi kudai zaidi ya kile sloti inachoruhusiwa kutoa. Tahadhari iliyobaki ni kwa makasha madogo, ambapo baadhi ya watengenezaji waliweka ukomo wa chini kuliko 75. Mwongozo wa mashine unaopatikana bure kwenye tovuti ya mtengenezaji hueleza.

Ukomo huo ukishakubaliwa, orodha ya kadi hufupika yenyewe. Ya zamani inayostahili kutajwa ni GTX 750 Ti ya mwaka 2014, iliyoonyesha kwamba wati 60 zinaweza kuendesha gemu la kweli. Ikafuata GTX 1050 Ti mwaka 2016, yenye GB 4 za kumbukumbu na wati 75, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa jibu la kwanza la swali hili. GTX 1650 ya mwaka 2019 inaipita waziwazi kwa wati zilezile 75. Mwaka 2022 AMD ilileta RX 6400 ya wati 53. Na Februari 2024 Nvidia ikatoa RTX 3050 ya GB 6, yenye wati 70, ambayo ni miongoni mwa kadi zenye nguvu zaidi zinazoweza kukaa kwenye sloti bila waya wa pembeni. Chini ya hizo ipo GT 1030 ya mwaka 2017, wati 30, inayofaa kwa gemu nyepesi na kwa kompyuta zenye nafasi finyu kabisa ya umeme.

Majina hayo yana mitego, na mitego hiyo ndiyo inayowaumiza wanunuzi kuliko bei. RTX 3050 ziko mbili: ya GB 6 inakula wati 70, ya GB 8 inakula 130 na inahitaji waya wa pembeni. GT 1030 nazo ziko mbili. Ile ya kumbukumbu ya GDDR5 husafirisha data kwa kasi ya GB 48 kwa sekunde. Ile ya DDR4 iliyofuata mwaka 2018 haifiki GB 17. Jina ni lilelile, na kumbukumbu ni GB 2 kwa zote, lakini kazi ni mbingu na ardhi. Kwa kipimo cha kazi halisi, AutoCAD 2022 ilitaja kasi ya GB 29 kwa sekunde kuwa kiwango cha chini: kadi moja inakivuka, mwenzake mwenye jina hilohilo hakifikii. GT 730 ndiyo kisa kibaya zaidi. Ilitoka mwaka 2014 ikiwa kadi tatu tofauti chini ya jina moja, na hata leo huuzwa kwa tangazo la GB 4 kana kwamba GB ndizo nguvu. Kumbukumbu ni ghala. Chipu ndiye mfanyakazi. Ghala kubwa lenye mfanyakazi dhaifu halitoi mzigo haraka. GTX 1650 nayo ina jambo lake: baadhi ya watengenezaji waliiwekea plagi ya pini 6 ili kuipa kasi kidogo, hivyo jina peke yake halitoshi, na kadi yenyewe lazima itazamwe.

Kazi ya mtu ndiyo inayoamua kadi ipi kati ya hizo. Anayecheza gemu za kawaida kwa pikseli 1920 kwa 1080, kama GTA V iliyofika kwenye kompyuta mwaka 2015, anahudumiwa vizuri na GTX 1050 Ti au GTX 1650. Anayehariri video za harusi au za mtandaoni anahitaji GB 4 au zaidi, tena anahitaji kadi yenye kifaa cha kusimba video ndani yake, kinachofupisha muda wa kutoa faili la mwisho. Hapa RX 6400 inaanguka, kwa kuwa haina kifaa hicho. GT 1030 nayo haina. RX 6400 ina upungufu mwingine unaozigusa mashine za zamani moja kwa moja: hutumia njia 4 tu za data kati ya 16 zilizopo kwenye sloti. Katika kompyuta mpya yenye PCI Express 4.0 njia hizo hupitisha karibu GB 8 kwa sekunde. Katika kompyuta yenye 3.0 hupitisha nusu yake, na katika ile ya Core ya kizazi cha pili, robo. Kadi iliyobuniwa kwa mashine mpya haifai kusifiwa kwa mwenye mashine ya 2012. Arc A380 ya Intel, pamoja na GB 6 zake na wati 75, iko kwenye kundi hilo: hutegemea mpangilio wa mazabodi uitwao Resizable BAR, ambao kompyuta hizi za ofisi kwa kawaida hazina, na bila huo kasi yake hushuka mno.

Kuna tawi jingine la kadi ambalo wanunuzi wengi hulipita bila kulitazama, nalo ni la kadi za kazi za kitaalamu. Quadro P620 hutumia wati 40, Quadro P1000 wati 47 ikiwa na GB 4, T400 wati 30, T600 wati 40, T1000 wati 50. Hakuna hata moja inayotaka waya wa pembeni, na zote ni fupi kwa kimo. Zilifungwa kwenye kompyuta za wahandisi na wasanifu majengo, na kompyuta hizo zinapostaafu, kadi huingia sokoni pamoja nazo. Kwa sababu hazina jina la gemu, wachezaji hawazigombanii, ilhali chipu zake ni za ukoo mmoja na zile za GTX. Kwa mwenye kasha dogo la wati 180 au 240, tawi hili ndilo linalostahili kutazamwa kwanza. RTX A2000 ya mwaka 2021, yenye wati 70, ni miongoni mwa kubwa zao katika ukomo huu, ingawa bei yake mara nyingi huitoa kwenye neno nafuu.

Kimo chenyewe ni kipimo kingine kisichosamehe. Kadi ya kawaida ina bati la nyuma la milimita 120. Kadi ya kasha dogo ina bati la karibu milimita 79. Kadi ndefu haifungiki kwenye kasha fupi kwa ustadi wowote wa fundi. Kadi fupi huingia kote, mradi iwe na mabati yote mawili; anayenunua ya mtumba aulize kama bati la pili lipo. Unene nao upimwe, maana kadi nyingine hufunika sloti mbili, na katika makasha fulani sloti ya pili imebanwa na pawa saplai. Mwisho kuna suala la monita. Monita nyingi za mtumba zina tundu la VGA, ilhali kadi za Nvidia tangu kizazi cha GTX 10 hazitoi tena mawimbi hayo. Kadi nyingi za kitaalamu hutumia matundu madogo ya DisplayPort. Adapta inayobadilisha mawimbi iingizwe kwenye bajeti kabla ya safari, si baada ya kufika nyumbani na kukuta waya hauingii.

VGA hiyohiyo ni shahidi mzuri wa udanganyifu. Soko la mtumba lina kadi bandia ambazo chipu yake ni ya zamani sana lakini programu yake ya ndani imebadilishwa ili ijitangaze kuwa GTX 1050 Ti. Kadi yenye jina hilo na tundu la bluu la VGA inapaswa kutiliwa shaka papo hapo. Njia ya uhakika ni programu ya bure iitwayo GPU-Z, ambayo tangu mwaka 2018 huandika neno la onyo mbele ya jina la kadi bandia ya Nvidia. Programu hiyo huingia kwenye flashi na hufunguka kwa sekunde chache. Muuzaji mkweli hana sababu ya kukataa iendeshwe dukani.

Kishawishi kikubwa kuliko vyote ni kadi kubwa iliyoshuka bei. Septemba 2022 sarafu ya kidijitali ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki, na kadi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikamwagika kwenye masoko ya mtumba duniani. RX 570 ya wati 150 na RX 580 ya wati 185 ni miongoni mwao. Kwa nguvu zinazishinda nyingi zilizotajwa hapa, na ndiyo maana baadhi ya mafundi huzifunga kwenye kompyuta za ofisi kwa adapta inayochukua umeme wa diski na kuugeuza kuwa plagi ya pini 6 au 8. Hesabu ya adapta hiyo ni fupi. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja imeruhusiwa ampea 1.5, jumla ni ampea 4.5, sawa na wati 54. Plagi ya pini 6 inaruhusiwa kudai wati 75, na ya pini 8 wati 150. Umeme unaozidi kiwango hicho huzipasha pini joto. Joto hilo huila plastiki nyembamba ya plagi: kwanza inabadilika rangi, kisha inalainika, kisha inanuka. Adapta ya namna hiyo haipaswi kuuzwa kwa kazi hiyo, na fundi anayeifunga anamwachia mteja moto ndani ya kasha.

Kubadilisha pawa saplai ni jibu halali, lakini si kwa kila kasha. OptiPlex 7010 ya kasha kubwa hutumia plagi ya kawaida ya pini 24, hivyo hupokea pawa saplai za kawaida. OptiPlex 9020 hutumia plagi ya pini 8 ya Dell yenyewe, EliteDesk 800 G1 hutumia ya pini 6, na ThinkCentre nyingi hutumia ya pini 14. Zote hizo huhitaji waya maalumu wa kuunganisha. Kwenye makasha madogo, umbo lenyewe la pawa saplai ni la pekee, na mara nyingi hakuna kubwa zaidi ya kuweka. Hata pale inapowezekana, pawa saplai ya bei chee iliyoandikwa wati 500 huku ikiwa nyepesi mkononi kama kopo tupu ni hatari kuliko ile ya wati 290 iliyotoka na mashine. Anayejua tangu mwanzo kwamba anataka kadi kubwa anafanya vema zaidi kununua kompyuta ya mtumba iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, kama HP Z420 yenye pawa saplai ya wati 600, au Dell Precision T3600 yenye wati 635.

Wati zina gharama nyingine baada ya kununuliwa. Kadi ya wati 75 ikifanya kazi kwa nguvu zote saa 6 kwa siku hutumia uniti 0.45, yaani uniti 13.5 kwa mwezi. RX 580 kwa saa hizohizo hutumia uniti 33. Kwa mteja wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, wa kundi la D1, ambalo limepangwa kwa nyumba zenye matumizi ya wastani wa uniti 75 kwa mwezi, kadi hiyo ya pili peke yake inakula karibu nusu ya mgawo wa nyumba nzima. UPS nayo ihesabiwe: iliyoandikwa VA 650 kwa kawaida hubeba wati zisizofika 400, na monita nayo iko juu yake.

Umri wa kadi una mwisho wake wa kiprogramu. Nvidia ilitangaza kwamba Oktoba 2025 ndiyo mwisho wa draiva mpya za gemu kwa vizazi vya Maxwell na Pascal, yaani GTX 750 Ti, GTX 1050 Ti, GT 1030 na Quadro za P, na kwamba marekebisho ya usalama yataendelea hadi Oktoba 2028. Kadi hizo hazikufa. Gemu na programu zilizopo zinaendelea. Lakini kwa bei inayokaribiana, GTX 1650, T400, T600 au T1000, ambazo ni za kizazi kinachofuata, zina miaka zaidi mbele yake, na tofauti hiyo ndogo ya bei inastahili kulipwa.

Kadi ikishafungwa, malipo yasihesabiwe kuwa yamekwisha hadi ijaribiwe. Gemu nzito au programu ya kupima kama FurMark iendeshwe kwa nusu saa, joto la kadi likisomwa kwenye GPU-Z. Kompyuta inayofanya kazi vizuri kwenye barua na kuzimika papo hapo kazi inapokuwa nzito haina kirusi, na kupiga Windows upya hakutaiponya: kwa kawaida pawa saplai imeelemewa na imejikata ili kujilinda. Muuzaji aliyeandika wati kwenye risiti, pamoja na jina kamili la kadi na aina ya kumbukumbu yake, atamrudishia mteja wake fedha au kumbadilishia kadi bila ugomvi. Asiyekubali kuziandika aachwe na kadi yake.